Chai ya Majani Mazima Isiyo Chungu: Mwongozo Kamili wa Kuiloweka na Kuionja Nyumbani

Malalamiko yanayonifikia ni ya aina mbili, na yanapingana. Mmoja amenunua chai ya kijani kwa bei ya kuumiza, akaipika, ikatoka chungu hainyweki. Mwingine ameletewa majani mazima kutoka Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, akatia kijiko kimoja kama alivyozoea, akapata maji yenye rangi. Wote wameishia kuongeza sukari, na wote wanauliza kama wameuziwa majani mabovu.

Mara nyingi majani hayana kosa. Tanga tumelelewa na chai ya sufuria: maji, majani, tangawizi na iliki, vyote vinachemka pamoja mpaka rangi ikolee. Kwa chai ya punje, ile ya paketi za kila siku, njia hiyo ni sawa kabisa, kwani imetengenezwa istahimili moto, maziwa na sukari. Jani zima halivumilii hivyo. Linataka lipimwe uzito, maji yake yapimwe joto, muda uhesabiwe, halafu majani yatolewe. Ukiruka kimojawapo, utarudi kwenye sukari.

## Vya kuandaa

Majani. Anza na aina tatu: chai ya punje uliyo nayo, chai nyeusi ya majani mazima, na chai ya kijani. Ukipata chai nyeupe au ulongi (iliyo katikati ya kijani na nyeusi), ongeza, ila usizisubiri. Zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Zinatofautiana kwa yale yaliyofanyika baada ya kuchumwa. Mchaichai na choya hazimo humu. Hizo ni mimea mingine, zichemshe upendavyo.

Nunua kidogo, gramu 50 zinatosha. Jani zuri ni kavu, ukilibana kwa vidole linavunjika kwa mlio, na chini ya paketi hakuna vumbi jingi. Muulize muuza duka bila haya: "Samahani mama, hii imefungashwa lini?" Chai ya kijani iliyokaa rafuni zaidi ya mwaka mwachie mwenyewe. Nyeusi huvumilia zaidi.

Mizani ndogo ya jikoni, ikiwezekana inayoonyesha hata sehemu za gramu. Huna? Nitakuonyesha njia ya kupima bila mizani.

Chupa tupu ya maji ya nusu lita, ya kupimia maji ya baridi tu. Usiitie maji ya moto, itajikunja na kukuunguza.

Buli lenye kifuniko, au kikombe kikubwa na kisahani cha kufunikia. Buli la udongo wa kauri ni zuri. La bati jembamba hupoteza joto haraka.

Chujio lenye matundu madogo, vikombe viwili au vitatu vyeupe ndani, kijiko, simu ya kuhesabia dakika, daftari na kalamu.

Kipimajoto si lazima.

## Hatua ya 1: Yatunze majani kabla hujayapika

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na majani ya chai hunyonya unyevu na harufu kwa pupa. Kabati lenye karafuu, mdalasini, sabuni ya unga au dagaa litayaharibu ndani ya wiki chache, na hakuna namna ya kuyarudisha.

Yaweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, liwe dogo kiasi kwamba majani yanakaribia kulijaza, ili hewa iwe kidogo. Kopo lisikae juu ya friji wala karibu na jiko, maana pote hapo kuna joto. Chupa ya kioo inafaa ikikaa gizani tu, kwani mwanga unafifisha chai ya kijani kuliko zote.

Tahadhari: usiweke kopo unalolifungua kila siku ndani ya friji. Ukilitoa kwenye joto la Tanga, mvuke unaganda juu ya majani baridi na kuyalowesha.

*Umefaulu ikiwa:* ukifungua kopo unasikia harufu ya chai peke yake, na jani bado linavunjika kwa mlio.

## Hatua ya 2: Chagua maji

Hapa ndipo wengi wanapotelea bila kujua. Kikombe cha chai karibu chote ni maji, kwa hiyo kasoro ya maji hujitokeza mapema kuliko sifa ya jani.

Maji ya bomba ya jijini kwetu hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, mto unaoteremka kutoka milima ileile ya Usambara Mashariki inayolimwa chai. Jani na maji ni majirani tangu huko juu. Tatizo lake kwa chai ni harufu ya dawa ya kusafishia, klorini. Yakinge jioni, yaache kwenye mtungi au ndoo safi iliyofunikwa kitambaa chepesi, asubuhi uyachemshe. Harufu itakuwa imepungua sana.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na vingine vina chokaa nyingi. Chumvi utaionja mwenyewe. Chokaa utaitambua kwa magamba meupe chini ya birika, na kwa utando unaong'aa juu ya chai nyeusi, unaokatika vipande ukiugusa kwa kijiko. Maji ya namna hiyo huifanya chai iwe nyeusi tii lakini bubu, haina harufu. Tone la ndimu huufuta utando na kung'arisha rangi, ila ladha iliyokwisha kupotea hairudi.

Jaribio rahisi: loweka majani yaleyale, kipimo kilekile, kikombe kimoja kwa maji yako na kingine kwa maji ya chupa ya dukani. Ukiona tofauti kubwa, tatizo lako la miezi yote ni maji. Huna haja ya kunywa chai ya maji ya dukani maisha yako yote. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa huwa laini, na kwa chai ya kijani hayana mpinzani.

Vyovyote iwavyo, yachemshe mpaka yatokote kabisa, hata kama chai yako inataka maji ya uvuguvugu mkali. Kwanza usalama, kupoza baadaye. Wapo wanaosema maji yakichemshwa mara mbili yanaharibu chai. Ukianza kupima vitu vinavyohusika kweli, utaona hilo halistahili kukukosesha usingizi.

## Hatua ya 3: Pima majani na maji

Kijiko kinadanganya. Kijiko cha chai ya punje kinaweza kubeba zaidi ya gramu 2. Kijiko hichohicho cha chai nyeupe, yenye machipukizi makubwa yaliyofura, huenda kisifike gramu moja. Ndiyo maana yule aliyeletewa majani ya Amani alipata maji yenye rangi: alitia nusu ya majani yaliyotakiwa, akadhani ametia sawa.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji. Ndicho kipimo cha waonjaji wa chai kilichoandikwa kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 3103, ambacho kinataka pia maji yanayochemka na dakika 6. Dakika hizo sita ni za kufichua kila kasoro ya jani. Wewe unataka kunywa, kwa hiyo chukua uzito wao na uwaachie muda wao.

Bila mizani fanya hivi. Mimina paketi nzima ya gramu 50 kwenye karatasi safi kavu. Yachanganye taratibu ili makubwa na madogo yasitengane. Gawa mafungu mawili sawa kwa macho. Kila fungu ligawe mawili, kisha tena, kisha tena, mpaka yawe mafungu 16. Kila fungu lina gramu 3 na ushei. Sasa jaza maji kwenye chupa ya nusu lita na uyagawe sawa kwenye vikombe vitatu. Kila kikombe kina mililita 165 hivi. Fungu moja kwa kikombe kimoja, kipimo kimetimia.

Funga mafungu mengine mojamoja kwenye karatasi na uyarudishe koponi. Kazi hii inachosha mara ya kwanza, lakini macho yako yatajifunza gramu 3 za kila jani zinafananaje, na baada ya hapo hutayagawa tena.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kutengeneza kikombe leo na kingine kesho, na mtu wa nyumbani asijue kipi ni cha leo.

## Hatua ya 4: Pata joto sahihi bila kipimajoto

Chai ya kijani hupitishwa kwenye joto mara baada ya kuchumwa ili vimeng'enya vyake, vile vinavyolibadilisha jani likila hewa, vife. Kwa hiyo katekini, zile kemikali zinazoleta uchungu na ukakasi, hubaki karibu zote ndani ya jani. Maji yanayotokota huzitoa kwa mkupuo pamoja na kafeini. Maji yaliyopoa kidogo huzitoa taratibu, huku ule utamu laini wa thianini, kemikali nyingine ya jani, ukitoka bila shida. Kwenye chai nyeusi, sehemu kubwa ya katekini ilikwisha kubadilika kiwandani wakati majani yaliyosagika yalipoachwa yale hewa. Chai hiyo inataka maji yanayotokota, na ukiipa maji ya vuguvugu itakuwa tepetepe.

Njia ninayoiamini ni ya kuchanganya. Maji yaliyochemshwa jana na kupoa kwenye mtungi, kwa hali ya hewa ya Tanga, yana nyuzi 28 hivi. Yachanganye na maji yanayotokota:

- Vikombe 3 vya moto kwa 1 cha baridi: nyuzi 82 hivi. Chombo kitakula nyuzi chache, utabaki na karibu 78. Hii ni ya chai ya kijani.
- Vikombe 4 kwa 1: nyuzi 85 hivi. Hii ni ya chai nyeupe.
- Vikombe 6 kwa 1: nyuzi 90 hivi. Hii ni ya ulongi.
- Yanayotokota, bila kuchanganya: chai nyeusi ya aina zote.

Changanya kwanza, ndipo uyamimine kwenye majani. Ukimwaga ya moto juu ya jani kisha ukaongeza ya baridi, jani limeshaungua.

Ndugu zetu wa Lushoto wana hesabu yao. Mji ule uko mwinuko wa mita 1,400 hivi, na maji huko hutokota yakiwa kwenye nyuzi 95 tu. Kwa chai ya kijani wao wana raha, kwani 3 kwa 1 inawapa kama 76. Kwa chai nyeusi wapashe buli moto sana na waongeze dakika moja. Ukipanda na majani yako kwenda kusalimia huko, usishangae yakibadilika tabia.

Tahadhari: usitegemee kuangalia mapovu ya sufuria. Sufuria nyembamba kwenye moto mkali hutoa mapovu chini huku maji ya juu bado ni vuguvugu.

## Hatua ya 5: Loweka

Pasha buli kwanza: tia maji ya moto kidogo, zungusha, mwaga. Chombo baridi kinaweza kunyang'anya maji nyuzi nyingi kabla jani halijaanza kazi. Tia majani, sikia harufu yake sasa hivi yakiwa ndani ya chombo chenye joto (harufu ya jani kavu kwenye buli la moto ni nusu ya starehe yote), kisha mimina maji, funika, anza kuhesabu.

Mfuniko si urembo. Ukiacha wazi, mvuke unaondoka na manukato uliyoyalipia.

Chai ya punje. Dakika 2 hadi 3. Punje zimepondwa, zikararuliwa na kuviringwa kiwandani, kwa hiyo kila upande wa jani uko wazi kwa maji na rangi inatoka upesi. Zikizidi dakika 4 bila maziwa, utajuta.

Chai nyeusi ya majani mazima. Dakika 4. Onja kwenye ya 3, onja kwenye ya 4, onja kwenye ya 5, na uandike ipi uliipenda. Jani zima huachia taratibu, kwa hiyo usihukumu kwa rangi ya dakika ya kwanza na kukimbilia kuongeza majani.

Chai ya kijani. Dakika 2, na isizidi 3. Hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo fanya mazoezi. Chukua mafungu matatu sawa, maji ya joto moja, na uyaloweke kwa dakika 1, dakika 2 na dakika 4. Panga vikombe mbele yako, onja kwa zamu. Cha kwanza kitakuwa chepesi lakini kitamu, cha mwisho kitakausha mdomo. Mahali unapopenda pako baina ya hivyo viwili, na ukishapaonja huhitaji tena ushauri wa mtu. Ukitaka ushahidi kamili, fanya kikombe cha nne kwa maji yanayotokota na umpe yeyote anayesema chai ya kijani ni chungu kama dawa.

Chai nyeupe. Dakika 5, hata 6. Rangi yake ni ya majani makavu ya mpunga na haiendi zaidi ya hapo, kwa hiyo usingoje iwe nyekundu.

Ulongi. Dakika 3. Ikiwa imeviringwa kama vidonge, ipe nafasi kwenye buli, itafunguka mara nyingi ya ilivyokuwa.

Usikoroge kwa nguvu wala kubonyeza majani kwa kijiko. Unakamua ukakasi.

## Hatua ya 6: Tenganisha yote, mpaka tone la mwisho

Muda ukitimu, chuja chai yote. Kuacha nusu ndani ya buli na majani yake "kwa ajili ya kikombe cha pili" ni kuiacha iendelee kukolea na kuwa kali.

Hili linagusa desturi yetu ya chupa ya chai. Chai nyeusi ikichujwa vizuri itakaa kwenye chupa saa mbili tatu bila aibu. Ikiingia na majani, mgeni wa alasiri atakunywa tanini tupu, zile kemikali za ukakasi. Chai ya kijani usiitie kwenye chupa kabisa, joto la kufungiwa huigeuza kahawia na kuipa harufu ya mboga zilizopikwa kupita kiasi.

Na jambo linalowatisha watu bure: chai nyeusi nzuri ikipoa hupata ukungu kama wa maziwa kidogo. Kafeini na kemikali za rangi zimeshikana baada ya joto kushuka. Ipashe moto, itang'aa tena. Kwa waonjaji, ukungu huo ni dalili ya chai yenye nguvu.

## Hatua ya 7: Onja

Usionje mara baada ya kupiga mswaki, wala baada ya pilau au achari. Mwezi wa Ramadhani usijaribu mara baada ya kufuturu, ulimi umeshajaa viungo. Asubuhi kabla ya mkate wa kumimina ndiyo saa nzuri. Sukari iwe mbali kwa sasa. Itarudi baadaye, hakuna atakayekunyima.

Kama una aina kadhaa, anza na nyepesi: nyeupe, kijani, ulongi, nyeusi ya majani mazima, punje mwisho. Ukianza na punje, nyeupe itaonekana haina kitu.

Angalia. Kikombe cheupe, mwanga wa dirishani. Kijani iwe ya manjano yenye kijani hafifu. Ikiwa nyekundu-kahawia, ama jani limezeeka au maji yalikuwa moto mno. Nyeusi ya majani mazima iwe nyekundu angavu, unaona chini ya kikombe. Punje iwe na rangi nzito ya shaba.

Nusa majani yaliyolowa. Fungua buli, weka pua karibu, vuta taratibu. Majani yaliyolowa husema ukweli kuliko kikombe. Harufu ya kabati, moshi au uvundo wa ukungu utaikuta hapa. Ikiwa ni ya ukungu, mwaga yote na usinywe.

Fyonza. Acha chai ipoe kwanza. Ikiwa juu ya nyuzi 60 ulimi unaungua tu na hauonji. Tena mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano wa kusababisha saratani ya umio. Chukua kijiko kimoja, ukifyonze kwa nguvu pamoja na hewa mpaka kitoe sauti. Mezani mbele ya wakwe ni utovu wa adabu, jikoni ndiyo kazi yenyewe: chai inatawanyika mdomoni kote na harufu inapanda puani kwa ndani.

Tenganisha uchungu na ukakasi. Uchungu ni ladha, unauonja. Ukakasi unauhisi: mashavu na ulimi vinakauka na kukwaruza, kama umetafuna bibo. Chai nyeusi nzuri ina ukakasi kidogo unaosafisha mdomo na kuondoka. Ukibaki na kuganda, umeloweka mno. Uchungu mkali kwenye chai ya kijani ni wa joto la maji karibu kila mara.

Taja unachokionja kwa vitu unavyovijua. Paketi ikisema ina ladha ya tunda ambalo hujawahi kulitia mdomoni, iache iseme. Kama wewe umesikia kunazi, andika kunazi. Asumini, asali ya nyuki wadogo, mahindi mabichi, nyasi zilizokatwa, mbao mpya, embe lililoiva kupita, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza: hayo yote hutokea kwenye chai. Husikii chochote? Onja mbili pamoja na ujiulize swali moja tu, ipi inakausha mdomo zaidi. Ulimi hujifunza kwa kulinganisha.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kusema kwa nini unapenda kikombe hiki kuliko kile bila kutumia neno "nzuri".

## Hatua ya 8: Rekebisha kitu kimoja kwa mara

Hapa daftari linaanza kukulipa. Andika jani, gramu, joto, dakika, na sentensi moja ya ladha. Kesho badilisha kimoja tu.

Ikiwa chungu, shusha joto kwanza. Muda ufuate.

Ikiwa na ukakasi mwingi, punguza nusu dakika.

Ikiwa nyepesi lakini ina harufu, ongeza majani, usiongeze muda. Wengi hufanya kinyume, wakapata chai nyepesi na chungu kwa pamoja, maajabu ambayo sufuria pekee huyaweza.

Ikiwa nzito lakini bubu, rudi Hatua ya 2, shuku maji. Maji yakiwa safi, majani yamezeeka.

## Loweko la pili

Majani mazima hayamaliziki mara moja. Ulongi na kijani nzuri hukubali kulowekwa mara mbili au tatu, kila mara ukiongeza nusu dakika. Loweko la pili la ulongi mimi nalipenda kuliko la kwanza. Chai nyeusi ya majani mazima hutoa la pili lililo dhaifu lakini la heshima. Punje hazina la pili.

Yote yawe siku hiyohiyo, ndani ya saa chache. Majani yaliyolowa yakilala kwenye joto letu yanachacha na kuota ukungu.

## Na chai ya viungo na maziwa je?

Haijafukuzwa. Tumia chai ya punje, kwani protini ya maziwa hushikana na tanini na kupunguza ukakasi, na jani jepesi likikutana na maziwa halisikiki tena. Kutia maziwa kwenye chai ya kijani ni kupoteza vyote viwili.

Lakini badilisha mpangilio. Tangawizi iliyopondwa, iliki, mdalasini na karafuu ni ngumu na zinataka kuchemka, kwa hiyo zichemshe peke yake dakika 5 hadi 10. Tia maziwa, yachemke. Zima jiko, ndipo utie majani, funika dakika 3 au 4, chuja. Viungo vitakuwa vimekolea na chai haitakuwa imeungua. Wale wa nyumbani watakuuliza umebadilisha paketi gani.

Kwa wajawazito na wenye upungufu wa damu, chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Chakula kitangulie, chai isubiri saa moja hivi. Kafeini nayo imo kwenye zote nilizozitaja, hata nyeupe, kwa hiyo atakayekunywa usiku asilaumu mbu.

## Chai baridi ya msimu wa kaskazi

Kuanzia Desemba mpaka Machi, mchana wa Tanga haukaribishi kikombe cha moto. Tia gramu 10 za majani mazima, mafungu yako matatu, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Funika, weka ndani ya friji saa 6 hadi 8, chuja. Kwa kuwa maji ni baridi, uchungu hutoka kidogo sana, na hata chai ya kijani iliyokushinda itatoka tamu. Inywe ndani ya siku moja.

Iloweke ndani ya friji tu. Maji ya vuguvugu yenye majani, yakiachwa mezani kutwa, ni makazi ya vijidudu.

## Wakija wageni wanane

Zidisha hesabu, usikisie: gramu 24 kwa lita 1.2. Buli la nyumbani halitatosha, kwa hiyo tumia sufuria yenye mfuniko. Maji yakitokota zima jiko, tia majani, funika, hesabu dakika 4, chujia kwenye chupa ya chai uliyokwisha kuipasha kwa maji ya moto. Bakuli la sukari liweke mezani, lakini mmiminie kila mmoja nusu kikombe kwanza bila kumuuliza vijiko vingapi.